Tembo na mpingo: namna ya kulinganisha mnyama na mti bila kujichanganya

Wadau habari zenu. Mi nafundisha tyusheni ya baiolojia, na kila mwaka naletewa swali lile lile, maneno tu ndo yanabadilika: chagua mmea mmoja na mamalia mmoja, walinganishe kwa uainishaji na kwa hali ya uhifadhi. Na kila mwaka madogo wanachagua mwembe na simba. Sasa mwembe jamani una hatari gani? Uko nyuma ya kila nyumba, na wenyewe asili yake ni Asia, kwa hiyo ukifika kwenye uhifadhi unabaki unazunguka tu, unaandika "tutunze mazingira" mara nne, ukurasa unajaa na maksi hazipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua jozi yenye maneno. Mi huwa natumia tembo na mpingo, na sio kwa sababu ya mahaba. Hawa wawili wanaishi pori moja, ukienda Lindi, Liwale, Kilwa, pori lile la miombo unawakuta wote. Wote wanawindwa kwa ajili ya kitu kimoja kilicho ndani yao, huyu jino, huyu moyo mweusi wa gogo. Alafu vyote viwili vimekuwa vikiishia kwenye mikono ya wachongaji na kwenye meli za kwenda ng'ambo. Yani ukiwaweka pamoja wanaongea wenyewe.

Kabla hujaandika neno lolote chukua karatasi uigawe mara nne, na kila sehemu iwe na swali lake. Huyu ni nani? Anaendeleaje? Biashara yake ya kuvuka mpaka ikoje? Sheria ya nchi yake inasemaje? Maswali manne, majibu yanatoka sehemu nne tofauti, na hapa ndipo watu wanapodondoka. Mi mwenyewe nilivyokuwa chuo niliandika "tembo yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES kwa hiyo ni spishi iliyo hatarini sana kutoweka", mwalimu akapiga mstari mwekundu karatasi nzima, nikanuna wiki. Alikuwa sahihi. CITES ni mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, kwa hiyo kiambatisho chake kinakwambia habari za biashara, hakikwambii mnyama anaumwa kiasi gani. Ni kama mtu kukuuliza mgonjwa anaendeleaje we ukamjibu bei ya dawa.

Tuanze na huyu ni nani.

Ngazi ni zile zile saba za shuleni: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Waandike kwa kwenda sambamba hivi:

Tembo: Animalia, Chordata, Mammalia, Proboscidea, Elephantidae, Loxodonta, Loxodonta africana.

Mpingo: Plantae, Magnoliophyta, Magnoliopsida, Fabales, Fabaceae, Dalbergia, Dalbergia melanoxylon.

Kwa mimea ile ngazi ya pili mara nyingi wanaiita divisheni, usishtuke. Na vitabu vya mimea havikubaliani sana ngazi za juu, kimoja kitakwambia Magnoliophyta kingine Angiospermae, we fuata kitabu cha shule yako tu. Chini kuanzia oda kushuka mambo yametulia, ila familia ya mpingo ina majina mengi, utakuta Fabaceae, utakuta Leguminosae, ni familia ile ile ya jamii kunde, na vitabu vya zamani vingine vinaandika Papilionaceae.

Kuna kitu kinanifurahishaga hapa, Kiswahili chenyewe kilishawaainisha hawa kabla ya Wazungu na Kilatini chao. Tembo anakuja, mpingo unaota. Mnyama kaingia A-WA, mti kaingia U-I, ngeli kwenye sarufi na ngeli kwenye baiolojia neno moja. Ukitaka kumweleza mdogo wako uainishaji ni nini anzia hapo, ataelewa ndani ya dakika mbili: unapanga vitu kwa tabia wanazochangia.

Sasa kosa kubwa ni kuandika hiyo orodha alafu ukaishia hapo. Orodha kila mtu anaigugo. Mwalimu anataka uonyeshe kwa nini huyu kawekwa hapo, yani ushahidi wa kwenye mwili. Tembo ni mamalia kwa nini? Sio kwa sababu ni mkubwa. Ana nywele, chache lakini zipo, angalia mkiani. Anazaa na kunyonyesha, na hapa kuna kitu wengi hawakijui, chuchu zake ni mbili na ziko mbele, katikati ya miguu ya mbele, sio kule nyuma kama ng'ombe, na mtoto ananyonya kwa mdomo, mkonga anaupandisha pembeni. Mimba miezi 22. Ukiandika hivyo mwalimu anajua huyu kasoma.

Na tukiwa hapo hapo, pembe za ndovu sio pembe. Lugha imetuzoesha hivyo ila ni meno, meno ya mbele ya taya la juu yanayoendelea kukua maisha yote. Pembe ni ya ng'ombe, swala, nyati. Kwenye mazungumzo sema pembe hakuna shida, kwenye asaimenti ukiandika tembo ana pembe kama nyati umejichimbia shimo.

Mpingo nao unataka ushahidi. Jani lake ni jani ambatani, kikonyo kimoja kina vijani vidogo kadhaa. Maua ni meupe, madogo, yana harufu nzuri, na umbo lake ni lile la maua ya jamii kunde, lile kama kipepeo. Tunda ni ganda bapa jembamba lenye mbegu moja au mbili. Ganda plas ua la kipepeo, umeshaingia Fabaceae. Mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaonasa nitrojeni, kama kunde tu shambani. Ana miiba pia, na kiangazi anapukutisha majani, ndo maana ukipita msimu mbaya unaona kama mti uliokufa.

Hapa sasa ndo patamu, undugu. Muulize mtu yeyote ndugu wa tembo ni nani, atakwambia kifaru au kiboko. Hapana. Kati ya waliopo hai leo ndugu zake wa karibu ni nguva na pimbi. Ndio, pimbi, yule mdogo kama sungura anayeota jua kwenye mawe pale Serengeti, na nguva wa baharini ambaye wavuvi wa Rufiji na Mafia wanamjua. Kifaru yuko upande wa farasi na punda milia huko, kiboko ndugu zake wa karibu ni nyangumi. Na mpingo? Mpingo uko kwenye kundi moja la ndani ya jamii kunde na karanga. Karanga hizi hizi za kukaanga. Mbao ngumu inayovunja meno ya msumeno, na ile unayotafuna kwenye daladala, ni watu wa ukoo. Kwa hiyo funzo la kuandika kwenye asaimenti ni kwamba uainishaji hauangalii ukubwa wala sura, unaangalia asili. Mistari mitatu tu ya namna hiyo inakubeba kuliko ukurasa wa orodha.

Jina la kisayansi lina adabu zake. Jenasi herufi kubwa, spishi herufi ndogo hata kama ni jina la bara, yani africana sio Africana. Ukichapa weka italiki, ukiandika kwa mkono pigia mstari kila neno peke yake. Nimeona mtoto kakosa maksi mbili kwa hilo tu. Na ukipata nafasi eleza maana: melanoxylon ni Kigiriki, melas nyeusi, xylon mti au mbao. Dalbergia ni heshima kwa Dalberg, daktari wa Uswidi. Loxodonta ni jino la mshazari, kwa sababu magego yake yakitazamwa kwa juu yana mistari yenye umbo la almasi.

Kwa nini tusitumie majina ya kwetu tu? Kwa sababu ukisema tembo kwa mtu wa pwani anaweza akafikiria kinywaji cha mnazi. Na mpingo kuna watu wanauita abunusi, wakati abunusi ya vitabu ni jenasi Diospyros, familia nyingine kabisa, hawana uhusiano wowote zaidi ya weusi. Pia wa Kongo mnisikilize, tembo wenu wa msituni siku hizi anahesabika spishi yake, Loxodonta cyclotis, mdogo zaidi, masikio ya mviringo, meno yamenyooka kuelekea chini. Ukiandika "tembo wa Afrika" bila kusema yupi, mtu mkali anakukata.

Haya, sehemu ya pili, anaendeleaje.

Hapa unaenda kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ipo tangu 1964, na kwenye mtandao ni bure. Tafuta kwa jina la kisayansi. Ukifungua usikimbilie zile herufi mbili kubwa tu, angalia na mwaka wa tathmini. Ngazi zake kutoka nafuu kwenda mbaya ni LC (hana wasiwasi mkubwa), NT (karibu na hatari), VU (yuko kwenye hatari), EN (hatari kubwa), CR (hatarini sana kutoweka), alafu EW waliobaki kwenye mazuu au mashamba tu, na EX waliokwisha. VU, EN na CR ndo tunasema wako hatarini. NT ni mlangoni, hajaingia ila anachungulia.

Tembo wa savana, yani huyu wetu Loxodonta africana, ni EN, tangu Machi 2021. Kabla ya hapo tembo wote wa Afrika walikuwa wanatathminiwa kama spishi moja na waliwekwa VU, ndo maana vitabu vingi mtaani bado vinasema VU, na ukikopi na kupesti bila kuangalia mwaka unaandika jibu la zamani. Walivyotenganishwa wa savana akawa EN na wa msituni akawa CR, mbaya zaidi, ambaye alikuwa amefichwa ndani ya wastani wa mwenzake. Hii mi naiona ni hoja tamu kuliko zote kwenye mada nzima, kwamba uainishaji na uhifadhi vinashikana. Kubadilisha jibu la "huyu ni nani" kumebadilisha jibu la "anaendeleaje". Kama mwalimu wako anapenda uunganishe sehemu mbili za swali, unganisha hapo.

Mpingo ni NT. Hapo mtu anasema aah basi mpingo uko salama. Polepole. NT yake inatokana na kwamba umesambaa sana, kutoka Senegali mpaka Eritrea na kushuka mpaka Afrika Kusini. Mti uliosambaa hivyo ni ngumu kuisha wote kwa pamoja. Lakini mpingo upo na mpingo wa kuvunwa sio kitu kimoja. Kufikia unene wa kutoa mbao ya maana mti unachukua miaka kama 70 mpaka 100. Kwa hiyo pori linaweza kuwa limejaa mipingo, yote vijiti vya kiwiko, na yule mkubwa ulionyooka alishaondoka zamani. Orodha inahesabu spishi, mchongaji anahesabu magogo. Andika hivyo.

Alafu linganisha namna wanavyohesabiwa, watu wanasahau sana. Tembo anahesabiwa kwa ndege, wanapita kwa mistari juu ya pori. Ndo tulivyojua kwamba Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009 na sensa ya 2014 ikakuta 43,330. Miaka mitano, asilimia 60 hawapo, na sehemu kubwa ya msiba ule ilikuwa Selous na Ruaha. Mti huuhesabu kwa ndege namna hiyo, unaingia porini, unapima viwanja vidogo, unashika kila shina kwa futikamba, unakadiria. Kwa hiyo tembo wakipungua inakuwa habari ya ukurasa wa mbele, mpingo ukipungua unajua fundi aliyezoea kuletewa magogo anapoanza kuletewa matawi.

Na kasi ya kurudi. Tembo jike anazaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne mitano hivi, kwa hiyo ukiua jike unaua na ukoo, na yule bibi kiongozi wa kundi akiondoka anaondoka na kumbukumbu ya wapi kuna maji. Mpingo unatoa mbegu, unachipua hata kwenye mizizi, tatizo ni moto wa kila mwaka unaounguza miche kabla haijasimama. Mmoja tatizo ni risasi, mwingine ni msumeno na kiberiti.

Sehemu ya tatu, biashara. CITES ilisainiwa Washington 1973, ikaanza kazi 1975. Ina viambatisho vitatu. Cha Kwanza, biashara ya kimataifa imefungwa kwa kawaida. Cha Pili, inaruhusiwa kwa kibali baada ya kuthibitisha uvunaji hauharibu. Cha Tatu ni nchi moja imeomba msaada kwa wenzake. Tembo aliingia Cha Kwanza kwa uamuzi wa 1989, mwaka ule ule Kenya chini ya Moi walichoma tani 12 za pembe Nairobi, na 2016 wakachoma tena tani 105. Ila angalizo, tembo wa Botswana, Namibia, Zimbabwe na Afrika Kusini wako Cha Pili, wa kwetu Tanzania na Kenya wako Cha Kwanza. Spishi moja, viambatisho viwili, inategemea nchi. Ukiliandika hili uko mbele ya darasa zima.

Mpingo uliingia Cha Pili mwanzoni mwa 2017, na haukuingia peke yake, karibu jenasi yote ya Dalbergia iliingizwa. Sababu? Hasa fanicha za rozwudi Asia, ndugu zake wengine ndo walikuwa wanamalizwa, na afisa forodha akiona mbao hawezi kujua ni Dalbergia ipi, wakaona bora waweke wote. Wenye klarineti na obo wakalia, maana ala hizo za muziki zinatengenezwa kwa mpingo, na 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti. Magogo na mbao bado kibali.

Sheria ya nchi pita haraka tu. Tanzania tembo yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, mpingo chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ndo wenye vibali. Tofauti yao kubwa ni moja: mpingo mwanakijiji anaweza kuumiliki na kuuvuna kihalali. Vijiji vya Kikole na Kisangi huko Kilwa walitengewa misitu yao, wakapata 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, wakawa wanauza magogo yao kwa bei ya maana badala ya kupewa hela ya soda. Tembo kijiji hakimuuzi hivyo, na anayelala macho kulinda mahindi yake Liwale ndiye anayebeba gharama. Hii nayo iandike, uhifadhi sio takwimu tupu.

Kama uko Dar nenda Mwenge kwa wachongaji kabla hujaandika, utapata kitu ambacho gugo haina. Mi nilimkuta mzee mmoja nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana, nikamuuliza nitajuaje mpingo wa kweli. Hakujibu. Alichukua vinyago viwili vyeusi vyote, akalowesha kidole gumba akakisugua cha kwanza, kidole kikawa cheusi. "Kiwi hiyo." Cha pili akakisugua kidole kikabaki kama kilivyo. Alafu akaokota kipande cha taka chini akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikazama moja kwa moja kama jiwe. Akanionyesha na gogo lililokatwa, pembeni kuna pete ya rangi ya maziwa, katikati nyeusi tii. "Kinachouzwa ni hicho cha kati tu, na hapo kama hakijaoza." Nikaelewa kwa nini miti mingi inaenda kwa vinyago vichache.

Ukishakusanya yote andika kwa aya, usiweke jedwali peke yake. Mfano: "Tembo wa savana na mpingo wote ni viumbe wa pori la miombo wanaotakiwa kwa sehemu moja ya mwili, lakini tembo yuko EN na kwa Tanzania biashara yake imefungwa, wakati mpingo uko NT na biashara yake inaendelea kwa kibali, kwa sababu mpingo umesambaa zaidi na unaweza kuchipua tena, ingawa ule wa kuvunwa unahitaji karibu karne kukomaa." Sentensi moja hiyo imejibu maswali mawili kati ya manne.

Hutaki jozi yangu? Wa Zanzibar mnao kima punju wa Jozani, EN, mkamwekea mkoko pembeni. Wa Kenya jaribuni msandali na kakakuona, hiyo ni kali, maana msandali Orodha Nyekundu inasema LC lakini wa Afrika Mashariki wako Kiambatisho cha Pili, na kakakuona itabidi uanze kwa kueleza kwa nini mtu mwenye magamba mwili mzima kawekwa na mamalia. Anzia tumboni, nywele zipo.